Paspoti ya Wingu Jekundu

Jumapili, 2 Machi

Kuanzia Horohoro mpaka Pangani hakuna binadamu anayeijua mbingu kunishinda mimi, Noa, fundi simu wa Mabawa. Wataalamu wa Ulaya nao wakitaka waje, nitawatengenezea simu zao huku wanapanga foleni niwafundishe. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufeli. Shule ndiyo iliyonishindwa.

Naandika kwa sababu masika haya nitafanya jambo kubwa na nataka ushahidi. Kuna wingu jekundu kule kusini, pembeni ya ule Msalaba wa nyota, linaitwa Karina. Kwa macho ni ukungu tu, tena hafifu. Kwa kamera ni moto. Nitalipiga picha na kumkabidhi Shangazi Praxeda kabla hajaenda kupasuliwa jicho tarehe 29 Mei.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Alikuwa na studio pale Pongwe, na kila mtu aliyewahi kukata mkonge upande ule ana paspoti iliyopigwa naye, kakunja uso. Sasa ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilizimika mwaka juzi. La kulia linafunga kutokea pembeni. Anasema amebakiwa na tundu la ufunguo. Daktari hakumficha: dawa ya matone imeshindwa, na kisu kinaweza kuliokoa hilo tundu au kulizima kabisa.

Kamera ni ya mpangaji wake, Mdachi mmoja mzee aliyekaa chumba cha uani. Kila jioni alikuwa akimsimulia hilo wingu na kumwahidi picha yake, kisha akaugua, wakaja watoto wake wakamchukua. Aliacha kamera ya rangi ya kupigia nyota, lenzi nene kama kinu, na mota ndogo ya kuifuatisha kamera nyota zinavyosogea. Filta, kile kioo cha kuchuja mwanga, hakuacha.

Leo baada ya misa Shangazi ameniambia, "Miaka thelathini nimefanya kazi ndani ya chumba cha giza na taa nyekundu. Nataka niuone wekundu wa huko juu kabla hawajanigusa."

Nikamwambia wiki mbili nyingi.

"Na usinitengenezee kubwa," akasema. "Kubwa siioni, naona kipande kipande. Nipigie paspoti."

Nimecheka njia nzima. Wingu la ukubwa ule, paspoti!

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza, uani kwa Shangazi. Nimepata picha ya chai ya maziwa. Taa za kiwanda, taa mpya nyeupe za barabarani, malori, vyote vimeingia ndani ya kamera vikakaa. Wingu halionekani. Sijashindwa, nilikuwa nakagua mazingira.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi ametoa kwenye sanduku filta yake nyekundu ya zamani, ile aliyokuwa akitumia enzi za picha nyeusi na nyeupe, mbingu iwe nzito nyuma ya maharusi. Akasema maneno yamekwisha, tufunge hiyo. Tukaifunga. Picha nzima ikawa juisi ya rosela. Mawingu ya mvua mekundu, moshi mwekundu, taa ya jirani nyekundu.

Nikamweleza kwamba wingu lake ni haidrojeni, na haidrojeni inawaka kwa wekundu mmoja tu, mwembamba kama uzi. Filta yake inakaribisha wekundu wa kila ukoo.

Akasema katika maisha yake filta ile haijawahi kumkera mteja.

Jumapili, 9 Machi

Kila Jumapili Bene anampima. Bene ni Benedikta, binti wa Shangazi, nesi wa zahanati, mkubwa wangu kwa miaka michache na kwa ukali mwingi. Wanakaa wakitazamana. Shangazi anakodolea pua ya Bene bila kuhamisha jicho, Bene analeta kidole kutokea pembeni, polepole. Shangazi anasema, "Hapo." Leo kidole kilikuwa kimefika usawa wa bega la Bene.

Baada ya hapo Shangazi akatangaza kwamba ameuza mashine yake ya kukuzia picha. Kwa ajili ya filta. "Moja tu, Noa. Usije baadaye na habari za ya pili."

Nikasema sihitaji ya pili. Wingu ni jekundu, tunaagiza filta ya haidrojeni peke yake, basi.

Mvua ya kwanza ikaanza hapo hapo. Tukakimbia kupanga ndoo chini ya paa: moja nyekundu, mbili za kijani, moja ya bluu. Nikaona nafasi ya kufundisha. Nikamwambia kamera ya rangi ndivyo ilivyo: ndani ina vidoti vimepangwa vinne vinne, kimoja kinakinga wekundu, viwili kijani, kimoja bluu.

Shangazi akaziinamia ndoo, akazitafuta moja moja kwa tundu lake. "Sasa ukiruhusu wekundu tu uingie, ni ndoo ngapi zitapata maji?"

"Moja."

"Na hizi tatu?"

"Zitasubiri."

"Kwa hiyo nimeuza mashine yangu ukakinge mvua kwa ndoo moja."

Nilimwambia nilikuwa nampima akili. Bene alicheka mpaka akakaa kwenye maji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimegundua, mimi mwenyewe, kwamba filta ya haidrojeni peke yake inamfaa mwenye kamera isiyo na rangi. Sisi wa kamera ya rangi tunataka filta ya madirisha mawili: dirisha moja la wekundu wa haidrojeni, la pili la ule ubluu-kijani wa oksijeni. Ndoo nyekundu inakinga haidrojeni, zile tatu zinakinga oksijeni, hakuna inayokaa bure. Masoud, mwenye kibanda changu, Mpemba asiyekubali kitu kirahisi, ameniuliza nimejifunzia wapi. Nimemwambia kwenye ndoo. Hakuelewa, na mimi sikumfafanulia.

Jumatano, 12 Machi

Sasa upana wa dirisha. Zipo za nanometa saba, za tano, za tatu. Kadiri lilivyo jembamba ndivyo taka za mwanga zinavyobaki nje. Nimejiunga na kundi la wapiga nyota kwenye simu, kuna Wahindi, Wabrazili na Mkenya mmoja. Nimewauliza. Wote wamejibu kwa swali: lenzi yako ikoje? Sikuwajibu. Fundi hahojiwi.

Nimechagua tatu. Nanometa tatu! Hata ukiitaja tu mtu ananyamaza.

Masoud, aliyekuwa anaandika oda, akauliza kwa nini si saba kama watu wengine.

"Kwa sababu tatu ndiyo mwisho. Hakuna iliyo nyembamba kuliko hiyo dukani."

"Mke naye utamchagua hivyo hivyo?"

Kaagiza. Inatoka China.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Masoud amefunga, mimi nafungua simu zilizoingia maji.

Jumapili, 23 Machi

Kidole kati ya bega na sikio. Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimekula pilau kwa Masoud mpaka nikakosa pumzi ya kujisifu. Filta haijafika. Nimeambiwa iko njiani. Njia gani hawasemi.

Jumapili, 6 Aprili

Kidole sikioni. Shangazi akajifanya ameona mapema, akasema "Hapo" kabla Bene hajanyanyua mkono. Hakuna aliyecheka.

Baadaye akaniambia, kama anaagiza chumvi, "Usisahau. Paspoti." Nikamwambia asubiri aone. Sikupenda neno hilo lilivyotoka.

Alhamisi, 10 Aprili

Siwezi kukaa. Nikikaa nasikia bati. Nikisimama nachungulia mbingu. Leo nimempa mteja simu ya mteja mwingine, naye kaondoka nayo, kapigiwa na mke wa mwenzie.

Jumatano, 16 Aprili

IMEFIKA. Ukubwa wake kama kifuniko cha kopo, inang'aa kama kioo cha kujitazamia, ukiigeuza ina zambarau. Nimekwenda nayo Pongwe mvuani nimeivalisha mifuko mitatu.

Shangazi kaishika kwa ukingo, bila kugusa kioo, mkono wa mtu wa kazi. Akaiweka kwenye jicho akatazama dirishani. Akakaa hivyo.

"Naona giza," akasema. "Nimeuza mashine nzima nimenunua giza."

Nikamwambia ndiyo uzuri wake.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Jioni mbingu ikafunguka, saa nzima. Nikafunga filta, nikaelekeza kamera kusini juu ya paa la jirani. Nanometa tatu hizo! Taa za kiwanda zimefutika. Taa za barabara zimefutika. Mbingu nyeusi tii.

Na wingu nalo limefutika. Katikati pana kidoa kama jeraha lililopona, pembeni hakuna kitu.

Nimemwambia Shangazi kwamba hewa ilikuwa nzito.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemlaumu mwenye kiwanda cha filta, Masoud aliyeagiza, na Mdachi aliyeugua. Wote hawajajibu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemeza kiburi nikalijibu kundi: lenzi yangu ni namba mbili, tundu lake wazi kabisa. Wakaanza kuniwekea vikatuni vya kucheka. Mkenya ndiye aliyenionea huruma. Kasema tundu la lenzi likiwa pana, mwanga wa pembeni unaingia umelala upande. Ukiipiga filta ukiwa umelala, filta inausoma kama rangi nyingine kidogo. Ya nanometa saba ingeupitisha tu, mlango wake mpana. Ya tatu inaufukuza. Ndiyo maana waliniuliza lenzi kwanza.

Nimekwenda kwa Shangazi nikamweleza nusu yake. Nusu nyingine akaipata mwenyewe.

"Funga tundu la lenzi," akasema. "Weka namba nne. Mwanga utaingia wima."

"Nitahitaji muda mara nne, Shangazi."

"Hilo ungelifikiria siku unachagua mlango wa wembamba ule."

Muda mara nne. Katika masika ambayo hayajanipa jioni mbili nzima tangu Machi.

Jumamosi, 26 Aprili, Kigombe

Pongwe haifai, nimekuja pwani kutafuta giza. Mwezi haupo kabisa, na vitabu vyote vya nyota vinasema mwezi usiokuwepo ndio mwezi mzuri. Nimefikia kwa Mwinyijuma, mvuvi wa dagaa, mteja wangu. Simu yake nimeikausha mara nyingi kuliko alivyokausha dagaa. Mkewe Mwanamkasi kanipa ugali wa muhogo na samaki, kaniuliza kama lenzi ile ni ya kutwangia.

Baada ya isha mbingu ikafunguka. Nyota zikamwagika. Nikaweka stendi mchangani, nikageuza kamera kusini.

Bahari nzima ilikuwa imewaka. Mashua za dagaa, kila moja na taa zake nyeupe za betri, pwani yote mpaka jicho linapokoma, utadhani harusi ya tajiri. Mwanga unapiga ukungu wa chumvi, ukungu unapiga lenzi yangu. Nikamkimbilia Mwinyijuma, alikuwa majini mpaka kiunoni anasukuma mashua yake, nikamwomba awaambie wenzie wazime nusu saa tu.

Wale mabaharia wake waliacha kusukuma wakanitazama.

"Fundi," Mwinyijuma akasema, taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Dagaa anafuata taa. Taa anaiona giza likiwepo. Ndiyo maana tuko hapa leo. Umeichagua siku yetu."

Mmoja akasema nitupwe humo humo, labda nami naweza kuvuta dagaa.

"Njoo mwezi ukinona," Mwinyijuma akasema. "Mbalamwezi hatuendi. Dagaa hawashughuliki na taa, sisi tunalala nyumbani. Bahari yote hii haina hata kibiriti."

Nikamcheka. Nikamwambia mwezi wenyewe si ndiyo taa? Akaruka ndani ya mashua, akaniacha na viatu vilivyolowa.

Jumapili, 27 Aprili

Kidole kwenye kona ya jicho la Bene. Amerudia mara mbili akidhani amekosea.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeamka nalo. Mwanga wa mwezi ni mwanga wa jua uliorudishwa. Una rangi zote. Dirisha la nanometa tatu linapitisha nyuzi mbili tu, zote zilizobaki zinagonga mlango. Aliyechagua saba angevuna ukungu mzito. Aliyechagua tatu anaweza kupiga picha mwezi ukiwa juu, bahari ikiwa giza, wavuvi wamelala.

Nilijua tangu mwanzo. Ndiyo maana nilichagua tatu. Masoud kaniomba niape, nikamwambia tuna kazi.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Kidole shavuni. Bene kanisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hafanyi. Kasema, "Noa, kama kuna kitu chochote, kilete kama kilivyo. Usimsubirishe kwa ajili ya uzuri." Nikamwambia kazi ya fundi hailetwi nusu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua, mvua, na mtu kaniletea redio.

Ijumaa, 9 Mei, Kigombe

Magharibi mvua imekatika kama bomba lililofungwa. Mwezi karibu duara. Mashua zote zimevutwa mchangani, wanaume wanacheza karata barazani, baharini giza kwelikweli. Mwinyijuma kanibebea stendi mwenyewe, yuko na kikoi cha kulalia.

Namba nne. Nanometa tatu. Kila picha dakika tano, moja baada ya nyingine, na mota inafuatisha. Picha zinaingia kwenye simu yangu na programu inazipandanisha. Ya kwanza: chenga. Ya pili: chenga zenye nia. Mwinyijuma akapiga miayo. Ilipofika ya sita nikaacha kuzungumza, na wanaonijua wanajua maana yake.

Lilikuwa pale. Jekundu, limejikunja kama kitambaa kilichozama majini, na mpasuko mweusi katikati, na ndani kabisa, kwenye moyo, ubluu-kijani wa oksijeni kama mtu kaacha taa inawaka chumbani. Mwezi uko juu yetu, tunaviona vivuli vyetu mchangani, na lile limetokea.

Mwinyijuma alishika simu kwa mikono miwili.

"Hiki kipo hapo juu?"

"Hapo hapo."

"Kila siku?"

"Kila siku ya msimu wake."

Akatazama kusini kwa macho matupu, akatazama simu. "Kampelekee mama wa watu," akasema. "Usiku huu huu ningekuwa mimi."

Nimemwambia bado. Picha sita si picha. Nitaongeza kesho, nitaisafisha, halafu nitafanya kitu ambacho Pongwe hawajakiona. Si paspoti. BANGO. Mita tatu kwa mbili, kama la wagombea. Nitalitundika sebuleni kwake, nitaalika kwaya, Masoud ataleta spika, nitavuta pazia. Watu watauliza nani kafanya hivi na hakuna atakayelazimika kujibu, kwa sababu jina langu litakuwa limeandikwa chini.

Jumamosi, 10 Mei

Mawingu, mwanya, mawingu. Nimeongeza picha nane. Wekundu umekuwa laini kama mahameli. Nimeshindwa kulala kwa kuitazama.

Jumapili, 11 Mei

Pongwe. Kidole karibu na pua. Nimewapelekea mabungo ya juisi. Nimekaa mpaka chai, nikaondoka mapema, nina mambo ya bango.

Jumanne, 13 Mei

Duka la mabango umeme ulikatika mpaka mchana. Kijana wa hapo ameniongezea nyota zake na njiwa wawili pembeni, kasema inapendeza zaidi. Nimewatoa njiwa mmoja mmoja mbele yake. Litachapwa Alhamisi. Sherehe Jumamosi. Kwaya wamekubali kama kuna soda.

Alhamisi, 15 Mei

Bango limetoka asubuhi. Nilikuwa nimesimama chini yake dukani, watu wa barabarani wameanza kujaa mlangoni, mmoja anauliza kama ni tangazo la mafuta ya alizeti, wakati Bene alipopiga.

Jicho lilianza kumuuma alfajiri. Akatapika. Presha imepanda ghafla. Wamepata gari, wako njiani kwenda hospitali ya rufaa, watampasua leo leo, hawangoji tarehe.

Nikamwambia, "Bene, nakutumia kitu, mwonyeshe."

"Nimemfunga kitambaa. Hawezi kulifungua, Noa. Mwanga unamchoma."

Nikatuma hata hivyo. Vikatokea vile vialama viwili vya kuonyesha kwamba imefika.

Ijumaa, 16 Mei

Hakuna habari.

Jumamosi, 17 Mei

Kwaya wamekuja kuulizia soda. Nimewapa.

Jumatatu, 19 Mei

Bene ameandika: upasuaji umekwisha, maumivu yametulia, jicho bado limefungwa. Masoud kafunga kibanda mapema, tumekaa tu. Hakuniuliza kuhusu nanometa.

Alhamisi, 22 Mei

Mbingu nyeupe. Haina mvua, haina nyota. Nimetengeneza simu moja siku nzima, na ilikuwa haijaharibika.

Jumapili, 25 Mei

Wamerudi jana. Bandeji imetoka. Daktari alisema mwanzoni kwamba inaweza kwenda huku au huku. Imeenda huku.

Leo nikamkuta sebuleni, kakaa kiti chake, uso kaelekeza mlangoni. Nikasema shikamoo, akasema, "Marahaba. Umekuja na kitu kikubwa, nakisikia kinavyogonga mlango."

Nilikuwa nataka kulirudisha bango. Akasema nilitundike. Mimi na Masoud tukalitundika, limechukua ukuta mzima na kuziba dirisha. Shangazi kasimama, kapapasa plastiki yake.

"Linanuka kampeni," akasema. "Lina ukubwa gani?"

"Tatu kwa mbili."

"Kwa paspoti ni ngapi?"

Masoud akajaribu kucheka, ikamshinda.

Nikamshika kidole. Nikamwambia hapa ndipo wekundu unapoanza, hapa unakunjika, hapa kuna mpasuko mweusi, na hapa, kidole chake nikakiweka katikati, ndipo pana ubluu-kijani. Alikuwa ananifuata taratibu, hakuruka sehemu. Akaniuliza wekundu wenyewe ukoje.

"Kama taa yako ya chumba cha giza, Shangazi. Ukiingia kutoka juani, kabla macho hayajazoea."

"Huo naujua," akasema. Kidole akakiacha hapo hapo muda mrefu.

Majirani waliingia mmoja mmoja, wakalisifu bango. Mmoja akasema bahati mbaya tu, masika ya mwaka huu yametuonea wote. Nikaitikia. Nikawaeleza habari za lenzi namba mbili, za taa za dagaa, za filta iliyochelewa njiani. Nikawaeleza vizuri. Bene alikuwa amesimama jikoni na birika, ananitazama.

Jumatano, 28 Mei

Kundi la simu nimewatumia picha na tarehe yake. Wahindi na Wabrazili wamenipigia makofi wote. Mkenya kaandika: "Mwezi ukiwa juu? Filta gani hiyo?" Sijamjibu.

Jumapili, 1 Juni

Upepo wa kusi umeanza. Mbingu safi tangu juzi, jioni baada ya jioni, kama inanikebehi. Leo hakuna aliyempima mtu. Bene alikaa kiti chake kile kile mbele ya Shangazi, mikono kaiweka mapajani.

Nimesoma nilivyoandika toka Machi. Mvua nimeiandika. Filta nimeiandika, na kosa la lenzi, na taa za Kigombe. Vyote ni kweli, na vyote nilivishinda. Filta niliichagua kijinga ikanifaa. Kazi iliisha Ijumaa tarehe tisa.

Jumapili ya tarehe kumi na moja nimeandika kwamba nilipeleka mabungo nikakaa mpaka chai. Kuna kilichobaki. Bene alikuwa jikoni. Shangazi kaniita nisogee karibu, mpaka nikaingia ndani ya tundu lake. Nilijua nimeingia kwa sababu alitabasamu. Akaniuliza, "Umepata?"

Simu ilikuwa mfuko wa shati. Picha ilikuwa imefunguliwa humo, nilikuwa naitazama njia nzima. Ukubwa wake ulikuwa wa paspoti.

"Hata kidogo tu, Noa? Hata kama haijawa nzuri?"

Nikasema, "Bado, Shangazi."